SOMA KABLA YA KUWASHA

Siku hizi watu wengi hutazama sinema nyumbani. Huunganisha kompyuta na televisheni. Kazi hii si ngumu. Lakini asiyesoma maandishi ya vyombo hivi anaweza kupoteza fedha zake.

Kwanza, soma namba za umeme. Ziko nyuma ya kompyuta au kwenye chaja yake. Utaona namba na herufi V. Maana yake ni volti. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230. Kompyuta iliyoandikwa 100–240V inafaa. Iliyoandikwa 115V peke yake haifai. Ukiichomeka, itaungua. Nyingine zina swichi ndogo yenye namba 115 na 230. Iweke kwenye 230 kabla ya kuchomeka.

Pili, zima vyombo vyote. Tafuta tundu lenye herufi HDMI kwenye kompyuta na kwenye televisheni. Waya mmoja wa HDMI hupitisha picha na sauti pamoja.

Tatu, washa. Tazama namba ya tundu la televisheni ulilotumia. Chagua namba hiyo kwa rimoti. Usipoichagua, hutaona picha, ingawa waya ni mzima.

Nne, usifunike kompyuta kwa kitambaa inapofanya kazi. Ikikosa hewa, hupata joto na kuharibika.

MASWALI
1. Herufi V ina maana gani?
2. Kwa nini kompyuta ya 115V peke yake haifai kwetu?
3. Soma volti kwenye chaja ya simu nyumbani. Ziandike katika daftari lako.