Kufunika Uso si Kufunga Mlango

Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya uso wa mwanamke: wako wasemao kuufunika ni wajibu, na wako wasemao si wajibu. Na Mtume (S.A.W.) amemkataza mwanamke aliyehirimia Hija asivae nikabu. Basi asiyefunika asitukanwe. Na afunikaye asidhulumiwe, kama ilivyofanya Ufaransa kwa sheria yake ya mwaka 2010.

Lakini sisi akina baba tujiulize: ni stara gani hii imzuiayo binti asiende chuoni, na mke asiende kwa daktari wala kudai haki yake kwa Kadhi? Bibi Aisha (R.A.) aliwasomesha wanaume naye yu nyuma ya pazia. Stara haikumfungia elimu. Tusiwafungie binti zetu.