Kicheko cha Wazazi na Fimbo ya Mwalimu

Wazazi wengi hudhani ya kuwa kazi yao ya kumfundisha mtoto imekwisha siku ile walipolipa karo na kumkabidhi kwa mwalimu. Mtoto akirudi na kilio, jibu li tayari: hata sisi tulipigwa, nasi tumekuwa watu. Fikira hiyo si ngeni. Ilikuwapo Afrika ya Kaskazini zaidi ya miaka 1,600 iliyopita.

Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Katika kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika alipokwisha kuwa Askofu wa Hippo, asimulia jinsi alivyopigwa shuleni, naye, angali mdogo, akamwomba Mungu kwa bidii asipigwe tena. Wazazi wake, ambao hawakumtakia baya lolote, walimcheka. Na mmoja wao alikuwa Monika, ambaye Kanisa lamheshimu kuwa Mtakatifu! Twalitaja jambo hili si kwa kumshusha mama huyo mwema, bali ili mzazi asidhani kwamba uchaji wake peke yake watosha kumfundisha namna ya kumsikiliza mtoto.

Angalieni matunda yake. Kilatini alijifunza kwa walezi waliombembeleza, katika michezo na vicheko, bila adhabu. Na ni kwa lugha hiyo alikuja kuwa mwandishi mkuu. Kigiriki alifundishwa kwa vitisho vikali. Akakichukia, wala hakupata kukimudu vema. Mwenyewe aliona kwamba hamu ya kujua hufundisha kuliko woga. Walakini mtu asidhani kwamba alifuta maonyo: akiri pia kuwa asingalijifunza kama asingalilazimishwa, na kwamba Mungu aliutumia hata ukali ule kwa faida yake. Fundisho lake si jepesi kama wengine wapendavyo kulifanya.

Baadaye, yapata mwaka 400, shemasi mmoja wa Karthago, jina lake Deogratias (jina ambalo wengi kwetu wanalo hata leo), alimlalamikia kwamba afundishapo wale wanaoanza kujifunza dini, maneno yake humchosha hata yeye mwenyewe. Augustino alimwandikia kitabu kizima. Humo hamlaumu mwanafunzi. Amwambia mwalimu amtazame msikilizaji wake: akipiga miayo, amchangamshe kwa neno la furaha, akichoka kusimama, ampe kiti. Na ikiwa kurudia yale yale kwachosha, akumbuke jinsi tumtembezavyo rafiki mahali tulipopazoea, nasi tukapaona upya kwa furaha yake. Ni makatekista wangapi, nasi mapadre pamoja nao, ambao humhesabu mtoto asinziaye katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza kuwa mkosaji, pasipo kujiuliza ametembea umbali gani asubuhi ile, na kama amekula?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi la tarehe 28 Oktoba 1965, ulisema wazi kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Shule husaidia, haishiki mahali pao. Hata nje ya Kanisa letu wazazi walilijua hilo: mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, hali mgonjwa, alimwita binti yake karibu naye akamtungia utenzi wa mawaidha.

Augustino naye alikuwa baba kabla ya ubatizo wake. Mwanawe, Adeodatus, alibatizwa pamoja naye huko Milano mwaka 387. Waliporudi Afrika, baba aliandika kitabu juu ya mwalimu, ambamo wawili hao wanahojiana juu ya maneno na maana zake. Kijana auliza, akosea, ajisahihisha, baba amngoja. Tena baba ashuhudia kwamba mawazo yote aliyoyaandika kuwa ya mwanawe yalikuwa ya kijana mwenyewe kweli, aliyekuwa na umri wa miaka 16. Ndivyo alivyosikiliza yule aliyechekwa alipolia.

Basi wazazi, mtoto atokapo mafundisho, mwulizeni alilolisikia, kisha nyamazeni mpaka amalize, hata kama chakula ki motoni na wageni wako mlangoni. Adeodatus hakuishi miaka mingi baada ya mazungumzo yale. Alifariki angali kijana.