Kufundisha Mshuko wa Fimbo katika Gofu

Mwalimu wa michezo huona kosa mahali linapotokea, wala si mahali linapoanzia. Mtoto akipiga ardhi nyuma ya mpira twamwambia, "Tazama mpira!", ilhali kosa lilianza fimbo ikiwa bado juu. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi ya kufundisha mshuko, yaani mwendo wa fimbo kutoka juu hadi kwenye mpira.

Mfuatano wa viungo

Kwa apigaye kwa mkono wa kulia, mshuko huanzia chini. Uzito wa mwili huhamia mguu wa kushoto, nyonga hugeukia shabaha, mabega hufuata, kisha mikono. Fimbo huwa ya mwisho. Ben Hogan wa Marekani alisisitiza katika kitabu chake cha mwaka 1957 kwamba nyonga ndizo zianzishazo mshuko. Aanzaye kwa mabega huitupa fimbo nje ya njia yake, ikaukata mpira, nao mara nyingi hupinda kwenda kulia.

Kosa letu

Zamani tulidhani kwamba kueleza sana ndiko kufundisha. Tulitaja magoti, nyonga, viwiko na viganja kwa pumzi moja. Mtoto mmoja aliyekuwa akipiga vizuri alisimama mbele ya mpira kama mti, kisha akaomba akakae. Uwezo haukumpungukia, sisi tulimzidishia maneno.

Mwaka 1999 Gabriele Wulf na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu waliokuwa wakijifunza gofu. Walioelekezwa kuufikiria mwendo wa fimbo walilenga vizuri zaidi kuliko walioelekezwa kuifikiria mikono yao, na tofauti hiyo ilionekana hata siku ya pili.

Hatua za somo

1. Wapange wanafunzi katika mstari mmoja, kila mmoja akiwa hatua nne au zaidi kutoka kwa mwenzake. Asiende mtu kuokota mpira kabla ya amri yako.

2. Bila fimbo, warushe mpira wa matambara kwa mkono wa chini, kama arushaye kijiwe kirukeruke juu ya maji. Viungo vitafuatana vyenyewe.

3. Kwa fimbo nyepesi, bila mpira, wafyeke hewa. Mvumo wa fimbo usikike mahali pa mpira au mbele yake, si nyuma.

4. Sasa weka mpira. Toa agizo moja tu: "Fyeka majani yaliyo mbele ya mpira."

Tathmini

Usihesabu mipira iliyokwenda mbali. Tazama jinsi mtoto anavyomaliza: je, kifua chake kinaelekea shabaha? Je, amesimama imara juu ya mguu wa kushoto, kisigino cha kulia kikiwa kimeinuka? Kwa atumiaye mkono wa kushoto, geuza pande zote. Katika kipindi kijacho mpime tena bila kumkumbusha; alichobaki nacho ndicho alichojifunza.

Zoezi kwa mwalimu mwanafunzi: chagua stadi yoyote ya mwili, iwe kurusha, kuruka au kuandika herufi, kisha andika agizo moja la kuifundisha lisilozidi maneno sita. Ukishindwa, bado hujajua kosa linapoanzia.