Ngozi ya Mtoto na Sahani ya Mama

Nataka kuwaeleza jambo ambalo labda wengine watasema ni la wanawake tu. Mimi pia nilidhani hivyo mpaka likizo iliyopita, niliporudi kwetu Buganda na kumkuta dada yangu amekuja nyumbani kungojea kujifungua mtoto wake wa kwanza.

Bibi yetu, ambaye twamwita Jaja, alikuwa amemwekea dada miiko miwili. Asile mayai, kwa sababu mtoto atazaliwa hana nywele. Tena asile chumvi, kwa sababu ngozi ya mtoto itachubuka. Miiko ya namna hii haikuanza kwa Jaja. Zamani katika Buganda wanawake hawakuruhusiwa kula kuku, mayai, nyama ya kondoo, wala aina fulani za samaki. Vitu hivyo vilikuwa vya wanaume.

Mimi, kwa kuwa nasoma elimu ya viumbe, nilijiona mjuzi. Kila asubuhi nilimchemshia dada yai, nikalitia chumvi kidogo, naye akalila kwa siri nyuma ya jiko. Mtoto akazaliwa, wa kike, mwenye kilo 3.2. Nywele alikuwa nazo tele, hivyo kesi ya mayai ikafa. Lakini siku ya tatu ngozi yake ilianza kubambuka miguuni na tumboni, kama karatasi nyembamba. Jaja alitazama, akakumbuka maganda ya mayai aliyoyaona jalalani, akamwuliza dada. Dada akakiri mayai na chumvi yake, akalia. Shemeji alipofika jioni akaambiwa kwamba mkewe amemharibu mtoto kwa ulafi. Nami nilikaa kimya nje ya nyumba. Vitabu vilikuwa tele sandukuni mwangu, lakini jibu sikuwa nalo.

Kesho yake tulikwenda sote kwenye kituo cha afya. Mkunga alimpima mtoto, akauliza siku alizozaliwa. Alikuwa amepitisha siku 8 baada ya tarehe iliyohesabiwa. Ndipo akatufundisha haya ninayoyaandika.

Katika wiki za mwanzo ngozi ya mtoto aliye tumboni ni tabaka moja tu, jembamba sana. Kisha tabaka huongezeka moja juu ya jingine. Kwa kuwa mtoto huogelea majini kwa miezi mingi, ngozi yake ingelainika na kuharibika kama isingekuwa na kinga. Kinga hiyo ni ule utando mweupe kama siagi tunaouona juu ya mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Watu wengine huuona kuwa ni uchafu, wakaharakisha kuusugua. Sivyo. Utando huo huhifadhi unyevu wa ngozi na kuzuia vijidudu. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto asiogeshwe mpaka yapite saa 24 tangu kuzaliwa.

Mtoto anayechelewa tumboni huwa amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya utando huo. Akitoka majini na kukutana na hewa kavu, tabaka la juu hukauka na kubambuka. Hata mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huweza kubambuka kidogo. Si ugonjwa. Huisha lenyewe baada ya siku chache, au wiki mbili hivi, wala haifai kuivuta ngozi hiyo kwa vidole. Chumvi ya mama haihusiki hata kidogo.

Jaja alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo mimi nisingelifikiri: "Basi wataka kusema chakula cha mama hakina kazi yoyote katika mwili wa mtoto?"

Mkunga akasema, "La, mama. Kazi kinayo, tena kubwa. Ila humdhuru mtoto kwa kukosekana zaidi kuliko kwa kuliwa."

Hapa ndipo penye somo. Mtoto hupata kila kitu kwa damu ya mama, kupitia kondo la nyuma. Katika miezi mitatu ya mwisho huwekewa mafuta chini ya ngozi, yale yanayomfanya awe mviringo na kumkinga na baridi. Mama asiyekula vya kutosha, au anayeugua malaria mara kwa mara, huenda akazaa mtoto mwepesi, chini ya kilo 2.5, mwenye ngozi iliyolegea na kukunjamana kama ya mzee, naye hushikwa na baridi upesi. Ngozi ya namna hiyo kweli husema habari za tumboni. Na mara nyingi husema kwamba chakula kilipungua.

Basi mama mwenye mimba ale nini? Matoke ni chakula chetu na hushibisha, lakini yana protini kidogo sana. Lazima yafuatane na kitoweo: maharage, karanga, maziwa, nyama, au mukene, wale samaki wadogo ambao Watanzania huwaita dagaa na Wakenya omena. Yai moja lina protini kiasi cha gramu 6, nalo hupatikana uani bila safari ya sokoni. Mchicha na nakati, viazi vitamu vya rangi ya machungwa, mapapai na maembe humpa vitamini ambazo ngozi na macho ya mtoto huzihitaji. Chumvi yenye madini ya joto, ikitumiwa kwa kiasi, husaidia ubongo wa mtoto. Tena kila siku ameze vidonge vya chuma na foliki asidi anavyopewa kliniki, ili damu isipungue. Chai asinywe pamoja na chakula, kwa maana huzuia chuma kuingia mwilini. Na udongo ule unaouzwa sokoni auache. Vidonge vingine asijinunulie, kwa sababu vitamini A ikizidi huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Wala tusiwacheke wazee peke yao. Watu waliosoma nao wana miiko yao. Wako wanaosema kwamba mama akijinyima mayai, maziwa na karanga wakati wa mimba, mtoto hatapata ukurutu. Mwaka 2012 watafiti walikusanya majaribio yaliyokuwa yamefanywa juu ya jambo hilo, wasione ushahidi wa kutosha kwamba kujinyima huko humkinga mtoto. Tena waliona huenda kukampunguzia mama uzito anaouhitaji. Mama ambaye mwili wake mwenyewe haupatani na chakula fulani, huyo akiache. Wengine wale.

Kuna kubambuka kwingine ambako ni hatari kweli. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa: miguu ikavimba, nywele zikabadilika rangi, ngozi ikawa nyeusi, ikapasuka na kubambuka kama rangi ya ukuta wa zamani. Mwaka 1935 aliutaja kwa jina lake la lugha ya Kiga, kwashiorkor, yaani ugonjwa unaompata mtoto anayeondolewa mahali pake na mdogo wake anayekuja. Angalieni jinsi mimba na ngozi zinavyokutana hapa: mama hushika mimba upesi, mkubwa huondolewa ziwani, naye hupewa uji mtupu. Kwa hiyo nafasi kati ya mtoto na mtoto ni chakula pia.

Ugonjwa huo ulikuwa mwingi hata kwetu, na madaktari wa Mulago, Kampala, waliuchunguza kwa miaka mingi. Mwaka 1965 kilianzishwa huko kituo kiitwacho Mwanamugimu, ambako mama hufundishwa kupika kitobero, yaani chakula cha mtoto kilichochanganywa vizuri. Jina hilo latoka katika methali ya Waganda: *Omwana omugimu ava ku ngozi.* Ngozi ya methali hii ni ile ya kumbebea mtoto mgongoni. Maana yake, mtoto mwenye afya hutoka mgongoni kwa mama yake; mama akiwa mzima, mtoto naye huwa mzima.

Mkunga alipoitaja methali hiyo, Jaja aliimalizia mwenyewe kabla hajafika nusu. Kisha akanyamaza kitambo, akasema, "Maneno haya nimeyasema miaka yote."

Kabla hatujaondoka mkunga alitupa onyo. Mtoto akiwa na malengelenge yenye usaha, au wekundu kuzunguka kitovu, au umanjano uliofika viganjani na nyayoni, au mwili wa moto, au akikataa kunyonya, msingojee majani ya kumwogeshea. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Njiani shemeji alimwomba dada radhi. Mimi nami nilimwambia Jaja kwamba mayai yale niliyachemsha mimi. Alinitazama, akasema, "Najua. Dada yako hajui kuficha maganda, na wewe hujui kusema kweli kwa wakati wake."

Wenzangu, neno hilo nimekuja nalo shuleni. Katika nyumba zetu nyingi, kuku akichinjwa sisi wavulana ndio tunaopewa paja, na mayai huuzwa ili tulipiwe ada. Tumekula sahani ya mama zetu na dada zetu, kisha mtoto akizaliwa na kasoro tunauliza mama alikula nini. Yafaa tuulize mapema zaidi, angali mjamzito: amekula nini leo, na nani amekula fungu lake? Kesho sisi ndio tutakaokuwa baba wa watoto hao.

Mtoto wetu ana miezi minne sasa, na ngozi yake ni laini. Katika barua ya juzi dada ameniandikia kwamba Jaja mwenyewe ndiye anayemchemshia yai, kwa sababu ananyonyesha. Chumvi humwekea pembeni, ajitilie mwenyewe.