SOMO LETU: JE, TUMHASI KONDOO DUME AU TUMWACHE?



Kwingi Meru na Embu tumezoea kuhasi kila dume ambaye si wa kuzalisha. Wazee wetu walifanya hivyo, na hawakukosea. Lakini wao walikuwa na malisho mapana, na dume alichinjwa akiwa amekomaa. Siku hizi wengi wetu tuna shamba dogo. Kondoo yuko zizini, tunamkatia nepia na majani ya viazi vitamu, na kabla ya mwaka kwisha anauzwa tulipe karo. Basi tupige hesabu upya.

Ukuaji

Korodani hutoa homoni inayojenga misuli na mifupa. Kwa hivyo dume mzima akilishwa vizuri hukua haraka kuliko aliyehasiwa, mara nyingi kwa asilimia 10 hadi 15. Tuchukue mfano: mmoja anaongeza gramu 150 kwa siku, mwenzake aliyehasiwa gramu 130. Kwa siku 90, wa kwanza ameongeza kilo 13 na nusu, wa pili kilo 11.7. Hapo umepoteza karibu kilo mbili.

Lakini chakula kikiwa haba, tofauti hiyo hupungua sana. Kuacha dume mzima halafu umnyime chakula hakuna faida.

Nyama

Aliyehasiwa huweka mafuta mapema na nyama yake ni laini. Dume mzima ana nyama nyekundu zaidi na mafuta kidogo. Akichinjwa kabla ya miezi 8 hivi, walaji wengi hawatambui tofauti. Akizidi mwaka mmoja, nyama inaanza kukaza na harufu inaongezeka. Kwa beberu harufu hiyo ni kali zaidi, kama mnavyojua.

Kumbuka pia mnunuzi. Katika masoko yetu, kama Ishiara, bei kwa kawaida hupatanwa kwa macho na mikono, si kwa mizani. Mnunuzi akishika mgongo na mkia akakuta mafuta, anatoa bei nzuri.

Basi tufanyeje?

1. Ukiuza akiwa na miezi 6 hadi 8, na chakula kipo, mwache mzima. Lakini mtenge na majike kuanzia miezi 4, la sivyo atapanda mama yake na dada zake.

2. Ukimweka mwaka au zaidi, au wote wanalisha pamoja, mhasi mapema. Mradi wa mbuzi wa maziwa wa FARM-Africa ulioanza Meru mwaka 1996 ulitumia madume ya Toggenburg kuboresha mbuzi wa kienyeji. Kazi kama hiyo haifaulu ikiwa kila dume wa jirani anapanda ovyo.

3. Usihasi dume mkubwa wiki chache kabla ya kuuza. Atapata maumivu, ataacha kula, na uzito uliolipia utapotea.

Namna ya kuhasi

Mpira hutumika wiki ya kwanza, baada ya mtoto kunyonya maziwa ya kwanza vizuri. Hakikisha korodani zote mbili ziko chini ya mpira. Koleo la Burdizzo linafaa kuanzia mwezi mmoja hadi mitatu. Bana kila mshipa peke yake, na alama mbili zisikutane, kwa maana damu ikikatika pande zote mfuko wote utaoza. Kisu huacha kidonda, na nzi wakiingia, kazi imeharibika. Mpira na kisu vyote vinaweza kuleta pepopunda, kwa hivyo uliza daktari wa mifugo kuhusu chanjo. Kama hujawahi kufanya, mwite akuonyeshe.

Jambo la mwisho: aliyehasiwa akiwa mchanga sana, njia yake ya mkojo hubaki nyembamba. Akilishwa nafaka na pumba nyingi anaweza kuzibwa na mawe ya mkojo, akafa. Mpe majani kwa wingi, chumvi, na maji safi kila siku.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Kondoo wetu huuzwa wakiwa na umri gani hasa?
2. Tuna chakula cha kutosha siku 90?
3. Je, tunaweza kuchanga tununue koleo moja la kikundi?