Kompyuta Imetaja Tairi, Haijataja Mhalifu

Taa ya njano yenye herufi ABS haina haraka na mtu. Gari linawaka, breki zinashika, siku zinakwenda. Mwenye gari huja gerejini baada ya miezi mitatu, tena kwa shida nyingine kabisa, ndipo akumbuke: "Halafu fundi, na hii taa je?" Haya ni maswali ninayoulizwa mimi kama fundi umeme wa magari karibu kila wiki.

Fundi, taa ya ABS inawaka lakini breki zinashika vizuri tu. Nihangaike ya nini?

Breki za kawaida unazo. Kilichojitoa ni ule ulinzi unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga ghafla. Kompyuta ya ABS inalinganisha mwendo wa matairi yote manne. Isipoyaamini maelezo ya tairi moja, inazima huduma yote na kukuachia breki kama za magari ya zamani. Kwenye lami kavu hutaona tofauti. Utaiona siku ya mvua, au ukiteremka mlima wa Kitonga lori la mbele likasimama ghafla: matairi yamejifunga, unakata usukani kulia, gari linateleza kwenda kulekule lilikokuwa linaelekea.

Endesha, acha nafasi kubwa mbele yako, na lete gari litazamwe. Ila taa hiyo ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki, simama. Angalia breki ya mkono, angalia mafuta ya breki. Vyote vikiwa sawa, huenda mfumo umepoteza pia uwezo wa kugawa nguvu kati ya breki za mbele na za nyuma, na matairi ya nyuma yanaweza kujifunga kwanza. Gari la namna hiyo libebwe.

Mashine ilisoma C0205, nikaambiwa ninunue sensa ya mbele kushoto. Nimefunga mpya, kesho yake taa imerudi. Nimeuziwa feki?

Inawezekana, lakini tusiwalaumu wa dukani bado. Kwenye Toyota, namba hiyo inasema mawimbi ya tairi la mbele kushoto hayaeleweki. Haisemi sensa imekufa. Kati ya tairi na kompyuta kuna ringi ya meno au ya sumaku inayozunguka, kuna sensa inayoitazama, kuna waya unaopinda kila ukikata kona, kuna soketi moja au mbili, ndipo ufike kwenye kompyuta. Chochote katika hivyo kikileta shida, namba inayotoka ni ileile.

Dada mmoja alinijia akiwa na sensa mbili za zamani kwenye mfuko. Zote alizinunua kwa ajili ya tairi hilohilo, na zote nilipozipima zilikuwa nzima. Nilifungua plastiki ya ndani ya madigadi, nikafuata waya hadi soketi ya kwanza. Mpira wa kuzuia maji haukuwepo, na moja ya pini mbili ilikuwa imegeuka kijani na kuliwa hadi kubaki kama ncha ya sindano. Gari lilikuwa linalala mita chache kutoka baharini, na upepo wa chumvi haubishi hodi. Pini mpya, kipande cha waya, mpira wake. Kazi ya chini ya saa moja. Sensa mbili zilimgharimu mara kadhaa ya hiyo.

Sasa fundi anatakiwa aanzie wapi?

Kwa macho, kabla ya mita. Muulize mwenye gari: mara ya mwisho limeguswa nini? Ukisikia shokapu, beringi, pedi za breki au ekseli, umeshapata nusu ya jibu. Mtu amefungua klipu za waya akasahau kuzirudisha, waya unaning'inia na kusuguana na tairi.

Pili, ujue ni sensa ya aina gani. Ya zamani ni koili na sumaku tu, inazalisha umeme wake yenyewe. Unaichomoa na kupima omu: nyingi huwa kati ya 800 na 2,000. Mimi siing'ang'anii namba, nalinganisha kushoto na kulia. Moja ikisoma 1,100 na mwenzake haisomi kitu, hiyo imekatika ndani. Kisha weka mita kwenye volti za AC, inua gari, zungusha tairi kwa mkono. Lazima uone milivolti zikipanda kadiri unavyozungusha kwa kasi. Usisahau kupima pia kati ya waya na bodi. Pasiwe na mawasiliano yoyote.

Magari ya karibuni yana sensa za kielektroniki, zinazolishwa umeme na kompyuta. Hizo usizipime kwa omu: namba utakayopata haina maana, na unaweza kuiua sensa iliyokuwa nzima. Chomoa soketi, washa swichi, pima volti upande wa waya unaotoka kwenye kompyuta. Mara nyingi utakuta karibu sawa na betri. Pima upesi lakini, maana baadhi ya kompyuta zikihisi njia imekatika hufunga umeme, nawe ukadhani waya ndio mbovu. Sensa yenyewe huongea kwa mkondo, unaoruka kati ya takribani miliampea 7 na 14. Kwa mita ya kawaida hilo ni gumu kulifuatilia. Rahisi zaidi ni mashine inayoonyesha mwendo wa kila tairi: endesha moja kwa moja kwa kilomita 20 au 30 kwa saa, mwenzako aangalie. Matatu yanasema 25, la nne linarukaruka. Huyo hapo.

Yangu inawaka nikikata kona au nikipita njia ya makorongo, nikizima gari na kuwasha inapotea. Mafundi wawili wamepima wanasema sensa nzima.

Na wanasema kweli, kwa sababu walipima gari limesimama na usukani umenyooka. Waya wa mbele unapinda kila siku, na shaba hukatika ndani huku ganda la nje likibaki zima. Vile vipande viwili vya shaba vinagusana, vinaachana, vinagusana tena.

Mimi nabana mita kwa klipu ili mikono ibaki huru, msaidizi anazungusha usukani hadi mwisho kulia, hadi mwisho kushoto, polepole. Mimi nautikisa waya kipande kwa kipande kuanzia kwenye habu. Namba ikiruka, nasimama hapohapo na kuuvuta kidogo. Waya mzima haurefuki. Uliokatika ndani unavutika kama lastiki, na ukiukunja kwa vidole unasikia mahali palipolegea.

Nikikaribia kusimama pedali inatetemeka na kukoroma, hata kwenye lami kavu. Taa haiwaki.

ABS inafanya kazi isipotakiwa, maana imedanganywa kwamba tairi moja limejifunga. Kompyuta haioni hitilafu, inaona tairi lililosimama, ndiyo maana haiwashi taa. Tazama ringi ya meno: imepasuka? Kuna jino limevunjika? Tazama pia kutu chini ya sensa. Kutu huvimba na kuisukuma sensa mbali na ringi, na mwendo ukishuka mawimbi hupotea mapema.

Kuna makosa mawili ya huku kwetu. La kwanza ni ekseli au jointi iliyonunuliwa bila ringi ya ABS, au yenye idadi tofauti ya meno. Inaingia vizuri kabisa, hesabu ndiyo hazilingani. La pili ni beringi yenye sumaku ndani ya sili yake. Ukiifunga kinyume, upande wa sumaku unaangalia nje, sensa inatazama chuma kitupu. Hapo taa itawaka, na mtu atakimbilia kununua sensa.

Waya uliokatika niuunge, au ninunue sensa na waya wake?

Watengenezaji wengi wanataka sensa ibadilishwe na waya wake wote, na kwa sehemu inayopinda nawaunga mkono. Kiungo hapo hakidumu. Sehemu isiyocheza, unga kwa kulehemu na kufunika kwa mpira unaobana kwa moto. Kusokota kwa vidole na kuzungushia tepu ni kujipangia miadi nyingine na mimi msimu wa masika. Na zile nyaya mbili zilizosokotana ziache zisokotane. Zinazuia kelele za umeme kutoka kwingine.

Kile kifaa cha kuunganisha na simu kinatosha?

Vingi vya bei ndogo vinasoma injini tu. Toyota nyingi za miaka ya 2000 zina njia yake: swichi ikiwa imezimwa, unganisha kwa kipande cha waya tundu la 4 na la 13 kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, kisha washa swichi. Taa ya ABS itapepesa namba: 31 mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Hesabu matundu mara mbili, kwa kuwa kwenye soketi hiyohiyo kuna tundu lenye umeme wa betri moja kwa moja.

Nataka kununua gari la mkononi, taa ya ABS haiwaki kabisa. Nzuri, sivyo?

Kabla hujatoa pesa, washa swichi bila kuwasha injini. Taa inatakiwa iwake, ikae kama sekunde 3, izime yenyewe. Isipowaka hata kidogo, muulize muuzaji dashibodi ilifunguliwa lini. Nimeshafungua moja nikakuta kipande cha tepu nyeusi kimekatwa kwa mkasi vizuri kabisa, saizi ya ile taa.