Kabla Hujajiita Mlezi wa Mabinti: Ya Kufanya na Kutofanya

Utafiti wa afya wa taifa wa 2015–16 ulikuta kwamba mkoani Tabora, wasichana 43 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito. Ni Katavi tu iliyozidi. Anayetaka kuwalea mabinti wa kaya maskini huku, iwe Ng'ambo na Isevya mjini au vijiji vya tumbaku vya Urambo, Kaliua na Sikonge, asome masharti haya kabla hajamshika binti wa mtu mkono.

YA KUFANYA

1. Fuata kalenda ya binti, si ya mradi. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo binti hana sare wala mwalimu wa kumuulizia, na ndipo posa inapoletwa, au anapotokea mtu wa kumpeleka Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Tumbaku ikianza kuchumwa na kukaushwa kwenye mabani, mikono yake hutakiwa shambani. Miezi hiyo ndiyo ya kumtembelea. Programu inayofungwa shule zikifungwa humwacha pale anapoihitaji zaidi.

2. Chagua mlezi aliyepita njia hiyohiyo. Katika misafara ya zamani kati ya Tabora na Bagamoyo, kirangozi aliyetangulia mbele alikuwa mtu anayeijua njia kwa miguu yake. Dada aliyesoma shule ya kata, akakosa nauli, na bado akamaliza, anasikilizwa kuliko mgeni mwenye semina. Mlipe posho yake kwa wakati; naye ana njaa zake.

3. Piga hodi nyumbani kwanza. Mama, baba na bibi wajue wewe ni nani na unamfundisha nini mtoto wao. Usiwaendee kama washtakiwa. Mkulima aliyeuza tumbaku yote na bado anadaiwa pembejeo hajapungukiwa upendo, amepungukiwa fedha.

4. Uliza kuhusu chumba. Wanafunzi wanaotoka mbali hupanga geto karibu na shule. Mlango unafungika? Kodi analipa nani? Unga ukiisha kabla ya mwisho wa mwezi, anakwenda kwa nani? Mwanamume anayempa lifti ya bodaboda na kumnunulia chipsi ameshapata majibu. Yapate na wewe, kisha utafute unga.

5. Ijue sheria. Tangu 2016, anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu mtoto wa kike kuolewa chini ya miaka 18 vinakiuka Katiba. Mweleze binti haya, na wazazi wake pia.

YA KUTOFANYA

1. Usianze usichoweza kukiendeleza miaka minne. Kidato cha kwanza hadi cha nne ni miaka minne, na ufadhili wa mwaka mmoja haufiki huko. Binti aliyeachwa njiani na mtu aliyemwamini hatamfungulia moyo anayefuata.

2. Usimpige picha akipokea taulo za kike. Umaskini wake si tangazo lako. Mpe faraghani, na mpe kila mwezi.

3. Usimhubirie juhudi. Ameamka alfajiri, amechota maji, ametembea hadi shule. Ada ya sekondari ya kutwa iliondolewa 2016, lakini daftari, sare na chakula havikuondolewa. Saidia hapo.

4. Usimtupe aliyepata mimba. Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwa wanafunzi waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shuleni. Ruhusa hiyo haimlelei mtoto wake saa za masomo. Kaa na bibi yake mpange nani atabaki na mtoto, kisha umsindikize hadi ofisi ya mkuu wa shule.

5. Usikae peke yako na binti chumbani, uwe mwanamume au mwanamke. Kutaneni darasani, uani kwao au chini ya mwembe, mahali watu wanapowaona bila kuwasikia.

6. Usikubali kabisa "kumalizana kifamilia". Siri za binti zitunze zote isipokuwa moja: anayemdhuru. Ng'ombe wa fidia wakishapokelewa, mhalifu hubaki jirani na binti hunyamazishwa maisha. Piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, au nenda naye Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Mweleze kwanza kwamba utafanya hivyo, na usibanduke upande wake maneno ya mtaani yatakapoanza.

Kama masharti haya yanakushinda, bado unaweza kusaidia: nunua sare, lipia chakula cha mchana shuleni, changia ujenzi wa bweni. Hiyo ni sadaka njema na hakuna atakayekulaumu. Ila jina la mlezi mwachie atakayekuwepo Oktoba, shule ikiwa imekwisha na mwenye posa amekaa mkekani.